Ulimi wa Pili: Mwimbaji na Mpuliza Nzumari wa Kwale Mkabala na Santuri ya Coltrane na Hartman (1963)

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Pwani ya Kenya umejengwa, kwa kiasi kikubwa, juu ya maneno. Mtafiti huenda Msambweni au Lunga Lunga akiwa na kinasa sauti, husikiliza wimbo, huandika beti, huzitafsiri, kisha hurudi chuoni kuchambua tamathali, takriri na maudhui. Nzumari iliyokuwa ikilia muda wote huo hutengewa sentensi moja katika sura ya kwanza, pamoja na orodha ya ngoma, upatu na kayamba. Makala haya yanaihoji desturi hiyo. Hoja yetu ni kwamba katika ngoma ya sengenya, inayochezwa na Wadigo na Waduruma wa Kwale, mpuliza nzumari ni msemaji wa pili wa wimbo, na kwamba maandishi yanayomwacha nje yamenakili nusu ya kile ambacho hadhira ilikisikia.

Nadharia ya kutuongoza haijakosekana. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi (Mulika 21, 1989), aliisisitiza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Karibu miaka ishirini kabla yake, Finnegan (1970) alikuwa ameitengea lugha ya ngoma, na ya ala nyingine zisemazo, sura nzima katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika. Wanafunzi wetu huyanukuu mawazo hayo katika sura ya pili ya tasnifu zao na kuyasahau katika sura ya nne, pale matini inapoanza kuchambuliwa. Kinachotakiwa kurekebishwa, basi, ni kalamu.

Ili kuonyesha kilichoachwa nje tutaanzia mbali na Kwale, katika santuri moja ya jazi ya Marekani iliyomkutanisha mwimbaji na mpiga saksafoni. Sababu ya kufanya hivyo ni ya kimbinu. Sengenya ni utendaji unaopita. Kila arusi huwa na sengenya yake na haurudiwi kama ulivyokuwa. Santuri inarudiwa, na wasomaji wawili walio mbali wanaweza kubishana juu ya sekunde ile ile. Tukishajifunza kusikia kazi ya ala ya kupuliza pembeni mwa maneno katika santuri hiyo, tutakuwa na maswali ya kuiuliza nzumari. Baada ya hapo tutafuatilia historia ya jinsi saksafoni yenyewe ilivyofika Pwani na kukikalia kiti ambacho hakikuwa kitupu.

Santuri ya mwaka 1963

Tarehe 7 Machi 1963, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, mpiga saksafoni John Coltrane na mwimbaji Johnny Hartman walirekodi nyimbo sita za mapenzi za mwendo wa polepole. McCoy Tyner alipiga piano, Jimmy Garrison besi, na Elvin Jones ngoma. Santuri iliyotokana na kazi hiyo ilitolewa na kampuni ya Impulse! mwaka huo huo ikiwa na majina ya wawili hao tu kama anwani yake, na urefu wake hauzidi sana nusu saa.

Watu hawa hawakuwa na hadhi moja. Hartman, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa na sauti nzito, laini, isiyo na haraka. Aliwahi kuimba katika bendi ya Dizzy Gillespie mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini kufikia 1963 hakuwa na jina kubwa. Coltrane alikuwa na miaka 36 na alikuwa katikati ya ubishi. Mwaka 1961 mhakiki mmoja wa jarida la Down Beat alikuwa ameishutumu kazi yake kuwa ni kinyume cha jazi. Katika santuri hii, mtu huyo huyo aliyelaumiwa kwa kusema mno anasema kidogo. Anafanya hivyo kwa sababu kuna mwenzake mwenye maneno.

Msikilizaji makini atagundua kwamba saksafoni haikai mahali pamoja. Katika wimbo uitwao "My One and Only Love", inaupiga wimbo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kwa hadhira ya Marekani ya wakati ule, ambayo iliufahamu wimbo huo, maneno yalikuwa tayari yanapita kichwani huku ala ikilia. Hartman anapoingia, anasikika kana kwamba anayatamka yale ambayo kila mtu ameshayasikia bila kutamkwa. Katika "Lush Life" mambo yamegeuzwa. Wimbo huu, ambao Billy Strayhorn aliutunga akiwa kijana katika miaka ya 1930, una maneno mengi na msamiati usio wa kawaida kwa nyimbo za aina yake, nao unamhusu mtu aliyechoshwa na mapenzi na anasa. Hartman anaumaliza kwanza. Saksafoni inaingia baada ya maneno kwisha, na kazi yake inafanana na ya mtu anayebaki barazani baada ya msimulizi kuondoka, akilirudia jambo lile kwa namna yake. Kisha mwimbaji anarejea kufunga.

Tunaweza kuziita nafasi hizi kutangulia na kufuata. Ipo ya tatu, kupita chini, pale ambapo ala hujaza pumziko la mwimbaji kwa vijisauti vifupi. Hiyo ndiyo inayofahamika zaidi na ndiyo, kwa maoni yetu, yenye uzito mdogo kifasihi. Kutangulia na kufuata hubadilisha maana ya maneno yale yale. Neno lililotanguliwa na ala ni uthibitisho, ilhali lililofuatwa nayo ni dai linalongoja kujadiliwa.

Jambo hili halikuanza na Coltrane. Lester Young, ambaye saksafoni yake ilisikika pembeni mwa sauti ya Billie Holiday katika rekodi maarufu za mwaka 1937 na miaka iliyofuata, alishikilia kwamba mpigaji anapaswa kuyajua maneno ya wimbo anaoupiga hata kama hakuna atakayeyaimba. Kauli hiyo inastahili kusomwa na wahakiki wa fasihi. Inadai kwamba ala inaweza kuwa na matini, na kwamba ukimya wa mwimbaji hauiondoi matini hiyo.

Tuongeze, kwa kupita tu, kwamba ulimwengu huo wa jazi haukuwa mbali na Kiswahili kama inavyodhaniwa. Mwaka 1958 Coltrane alishiriki katika santuri ya Wilbur Harden iliyobeba jina la Tanganyika, miaka mitatu kabla ya nchi hiyo kupata uhuru. Mwaka 1960 Randy Weston alirekodi "Uhuru Afrika", kazi iliyoandikiwa maneno na Langston Hughes, na ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasikika akisema kwa Kiswahili pamoja na kundi kubwa la wapiga tarumbeta na saksafoni. Uhusiano huo ulikuwa wa majina na matamanio ya kisiasa. Uhusiano unaotushughulisha hapa ni wa umbo.

Nzumari

Nzumari, ambayo pia huitwa bung'o, ni ala ya kupuliza ya mti yenye matundu ya vidole, na mdomo wa chini uliopanuka. Asili ya jina lake ni shina la Kiarabu linalohusu upulizaji wa filimbi, ambalo pia limetupa zumari ya Kiswahili cha kawaida. Inalia kwa ulimi uliotengenezwa kwa jani kavu la jamii ya minazi, lililokunjwa ili kingo mbili zigongane. Hapo ndipo inapotofautiana na saksafoni, yenye ulimi mmoja unaogonga kinywa cha ala. Mbele ya ulimi wa nzumari kuna kisahani ambacho mpulizaji hukikandamiza kwa midomo. Ulimi wote huingia kinywani, mashavu hujazwa hewa, na mtu huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma. Matokeo yake ni sauti isiyokatika. Mwimbaji lazima apumue. Nzumari haionekani kupumua. Tofauti hii ndogo ya kimaumbile ina athari kubwa kifani, kwa kuwa mwisho wa mshororo wa mwimbaji hauwi kimya kamwe. Anapoishia yeye, sauti nyingine inakuwa tayari imo.

Kusini mwa Pwani, heshima ya ala za kupuliza ni ya kale. Utawala wa Vumba Kuu, karibu na Vanga ya leo, ulikuwa na siwa miongoni mwa alama za enzi yake. Nzumari haikupata kamwe cheo cha siwa. Ni ala ya uwanjani, ya arusi na ya furaha, na baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu wameitilia shaka kama walivyozitilia shaka ala nyingi za kupuliza, wakati dufu ikivumiliwa. Huenda hadhi hiyo ya chini ndiyo iliyoinusuru: hakuna aliyeihifadhi kabatini, basi ikaendelea kupigwa.

Katika sengenya hukutana ngoma za ukubwa mbalimbali, zikiwamo chapuo, msondo na vumi, pamoja na upatu, kayamba na nzumari. Mwimbaji kiongozi hutoa mshororo, waitikiaji huupokea, na nzumari huzunguka pande zote mbili. Senoga-Zake (1986) na Hyslop (1975) wamezieleza ala za Kenya kwa uangalifu, nasi tunawategemea. Lakini wao ni watu wa muziki, na swali la nani anasema nini halikuwa lao. Jina lenyewe la ngoma linamfanya mhakiki asimame kidogo, kwa kuwa kitenzi kusengenya ni kumsema mtu hali hayupo. Hatuna haja ya kushikilia kwamba jina limetokana na kitenzi hicho ili kuona kwamba ala isiyotamka neno ni chombo kizuri sana cha kumsema mtu bila kushikwa.

Sasa tuje kwenye kiini. Kidigo ni lugha ya toni, Kiswahili siyo. Toni za Kidigo zilichunguzwa kwa kina na Kisseberth (1984), ambaye alionyesha kwamba toni ya juu ya kitenzi haibaki lazima kwenye silabi ilikozaliwa, bali huelekea kusogea hadi silabi za mwisho, na kwamba baadhi ya konsonanti huuathiri mwendo huo. Kwa lugha nyepesi, mwisho wa neno la Kidigo ndiko kwenye mpando na mshuko unaosikika zaidi. Mwisho huo huo ndiko mwimbaji anakoishiwa na pumzi na nzumari inakobaki peke yake.

Tunachokipendekeza ni hiki. Pale wimbo unapokuwa wa Kidigo, lahani haiko huru kabisa mbele ya toni za maneno. Hatusemi kwamba kila noti hufuata toni; hakuna lugha ya toni ambayo nyimbo zake hutii hivyo, na mtunzi yeyote ana ruhusa ya kuupinda mshororo. Lakini pale ambapo mpando wa sauti na mpando wa neno vinalingana, ala inayoirudia lahani inabeba pia kivuli cha neno. Msikilizaji mzawa, anayeufahamu wimbo, husikia neno ndani ya nzumari kwa namna ambayo hadhira ya Hartman haikuweza kulisikia ndani ya saksafoni. Mmarekani yule alilikumbuka neno kwa sababu ya lahani peke yake. Mdigo analikumbuka kwa lahani, na pia kwa umbo la neno lenyewe.

Katika wimbo wa Kiswahili msaada huo haupo. Kiswahili kina mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, toni kilishazipoteza. Kinachoweza kufuatwa na ala ni mizani na kituo: mpulizaji anajua kwamba kipande kina silabi nane, anajua mahali pa kugawa, na anaweza kuikamilisha hesabu hata pale mwimbaji anaponyamaza. Basi nzumari inayoandamana na Kidigo na ile inayoandamana na Kiswahili ni wenza wa aina mbili. Ya kwanza iko karibu na neno, ya pili karibu na beti. Mtu anayekusanya nyimbo za Kwale, ambako waimbaji huhama kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya usiku mmoja, angetakiwa kuonyesha ni wapi mwenza huyo anabadilika. Mkusanyo wa maneno matupu hauna nafasi ya kulionyesha hilo.

Saksafoni inafika

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, aliyepata hataza yake mjini Paris mwaka 1846, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa katika bendi za kijeshi. Njia yake ya kufika Afrika ya Mashariki iliandaliwa na bendi za namna hiyo hiyo. Kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, kilikuwa na bendi ya matarumbeta, na Ranger (1975) amelitaja jambo hilo katika historia yake ya beni. Kutoka kwenye gwaride za wamisionari na za wanajeshi, watu wa Pwani walitengeneza ngoma ya mashindano. Vyama vya Kingi na Skochi vilivaa, vikaandamana na kupuliza, na katika kufanya hivyo viliingiza shaba ya Ulaya katika utamaduni wa kujibizana kwa nyimbo ambao ulikuwa wa kale kuliko shaba hiyo.

Kwa kawaida historia ya muziki wa dansi hueleza hatua hii kama uigaji. Tunaisoma kwa namna nyingine. Ala mpya ilipofika ilikuta mahali pake pameshatengenezwa. Wasikilizaji wa Pwani walikuwa wamezoea, kwa muda mrefu, sauti kali ya kupuliza inayotangulia mwimbaji na kumfuata. Hawakuhitaji kufundishwa la kufanya wakati saksafoni inalia.

Kwa Kwale, Tanga ina umuhimu wa pekee katika sura hii. Mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro unawagawa Wadigo katika nchi mbili, lakini redio haikuutambua. Bendi za Tanga kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilibeba neno jazi katika majina yao bila kupiga jazi ya Marekani. Neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na, ilipowezekana, ala za kupuliza. Ndugu wa Kinyonga, waliotoka Tanga na kupitia Arusha, walifika Mombasa mwaka 1971 na bendi iliyokuja kujulikana kama Simba Wanyika. Kufikia hapo Kiswahili kilikuwa kimeshakuwa lugha ya wimbo wa dansi, na mwenza wa mwimbaji alikuwa gitaa kwanza, saksafoni baadaye.

Kuna kisa kimoja kinachoupinga mwelekeo huo, nacho kinatoka kwa majirani wa Kwale upande wa magharibi. Mwaka 1977 bendi ya jeshi ya Maroon Commandos, iliyoongozwa na Habel Kifoto, ilitoa "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita ulioenea Kenya nzima. Wengi walioucheza hawakuelewa neno hata moja. Kwa Mtaita wimbo huo una maneno ya mtu anayeteseka ugenini. Kwa wengine una lahani na ala. Yaani matini moja iligawika hadhira, wengine wakapata vinywa vyote viwili na wengine kimoja. Mhakiki anayeuchambua wimbo huo kwa tafsiri ya maneno yake peke yake anaieleza hadhira ndogo na kuiacha kubwa.

Kisa kingine ni cha bango. Mtindo huu wa Mombasa, unaofungamanishwa na jina la Joseph Ngala, umechanganya lahani za Wamijikenda na mapigo ya dansi ya kigeni, na Ngala mwenyewe ni mwimbaji na mpiga saksafoni. Hapa mwimbaji na mwenza wake ni mtu mmoja. Jambo hilo linaonekana dogo hadi tulifikirie kama suala la umbo. Kinywa kimoja hakiwezi kuimba na kupuliza kwa wakati mmoja. Nafasi ya kupita chini inafutwa. Zinabaki kutangulia na kufuata tu. Mwimbaji anamaliza ubeti, anainua ala na kujijibu. Katika sengenya jibu hutoka kwa mtu mwingine, mwenye uhuru wa kupinga au kukejeli. Katika bango jibu hutoka kwa yule yule aliyedai, na kwa hiyo husikika zaidi kama tafakuri. Tunadhani hii ni mojawapo ya sababu za bango kupendwa na watu wazima: ni muziki wa mtu anayezungumza na nafsi yake mbele ya watu.

Diani

Ukanda wa Diani uligeuzwa na hoteli kuanzia miaka ya 1960 na hasa 1970, na hoteli zikawa mwajiri mkubwa wa wanamuziki. Athari yake kwa jozi tunayoijadili ilikuwa ya moja kwa moja. Mgeni aliyeketi kando ya bwawa hakujua Kiswahili wala Kidigo. Mbele ya hadhira hiyo maneno yalipungua hadi kufikia salamu. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982, ni kilele cha upungufu huo, na tunasema hivyo bila dharau, kwa kuwa kuandika wimbo ambao mtu asiyejua lugha anaweza kuuimba siku ya kwanza ni ustadi. Mwaka 1983 kundi la Boney M lilikuwa limeshaurekodi kwa namna yake huko Ulaya.

Lakini ngoma za kienyeji nazo ziliitwa hotelini. Sengenya iliyozoea kwenda usiku mzima ilipewa dakika chache baada ya chakula cha jioni. Waitikiaji walipunguzwa, beti zilifupishwa, na kumsema mtu asiyekuwepo kukakosa maana mbele ya watu wasiomjua. Kilichobaki ni kile kisichohitaji tafsiri: mapigo, viuno na nzumari. Kwa mtazamo wa haraka ala ilishinda, ilipata nafasi kubwa kuliko ya mwimbaji. Kwa mtazamo wetu ilipoteza. Nzumari isiyo na maneno ya kutangulia wala ya kufuata inaanza kupigwa kama rangi tu, na mpulizaji chipukizi aliyejifunzia hotelini hana sababu ya kuyajua maneno ambayo, kwa kauli ya Lester Young, angepaswa kuyajua.

Vurugu zilizoanza Likoni Agosti 1997 ziliwafukuza watalii, hoteli za kusini zikafunga au kupunguza kazi, na vikundi vingi vikabaki bila mapato ya jioni. Haingekuwa haki kuuita msiba huo fursa. Itoshe kusema kwamba ajira ambayo ukanda wote uliitegemea ilionekana jinsi ilivyo dhaifu, na arusi za vijijini zikaendelea.

Jukwaa jingine ni la shule. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927, limeifanya sengenya kuwa jambo la kujifunzwa na wanafunzi ambao si Wadigo wala Waduruma. Waamuzi hutazama ulinganifu wa sauti, mavazi na mpangilio wa uwanja. Mwanafunzi anayepuliza huko huwa amekariri lahani iliyopangwa na mwalimu. Naye mwimbaji amekariri maneno yaliyoandikwa. Wote wawili wanafanya vizuri na hawasemezani, kwa kuwa majibizano hayawezi kukaririwa.

Kuziandika sauti mbili

Hatua inayohitajika ni ya kawaida na haihitaji fedha nyingi. Kipaza sauti kimoja kilichowekwa katikati ya uwanja hunasa ngoma, na nzumari huwa juu ya kila kitu. Mwandishi aliyechoka husikiliza kinachomfaa, yaani maneno. Vipaza sauti viwili, kimoja kwa mwimbaji na kimoja kwa mpulizaji, huwezesha kila mmoja asikilizwe peke yake na kisha wote pamoja. Katika maandishi, mshororo wa Kidigo uwekewe alama za toni, kazi ambayo imekuwa nyepesi tangu kamusi ya Mgombato ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ilipochapishwa mwaka 2004 na kutupa angalau othografia ya pamoja. Chini ya mshororo huo uwekwe mstari wa pili unaoonyesha nzumari inapoingia, inapopanda, inaposhuka na inapobaki peke yake. Noti za Kizungu si lazima. Mistari inayopinda juu ya karatasi inatosha, mradi msomaji aone kama mpando wa ala umeangukia mpando wa neno.

Kisha mtafiti arudi na utepe wake kwa wasikilizaji, amchezee mzee au bibi wa Msambweni sehemu ya nzumari peke yake, na kumwuliza imesema nini. Majibu yatatofautiana. Baadhi yatakuwa maneno ya wimbo kama yalivyoimbwa, mengine yatakuwa maneno ya wimbo mwingine wenye lahani inayokaribiana, na mengine, tunatarajia, yatakuwa jina la mtu wa kijiji ambaye mwimbaji alijihadhari asimtaje. Majibu hayo yaandikwe yote, pamoja na kicheko kama kilikuwepo, katika mstari wa tatu chini ya ile miwili.